Folda iliyokataa kufutwa: kisa cha diski iliyojaa katika mradi wa hati za kale

Usuli

Kisa hiki kilitokea Unguja mjini, katika mradi mdogo unaopiga skani hati za kale zilizobaki majumbani: wasia, hati za wakfu, daftari za biashara, na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Jina la mradi, la mtaa na ya watu wote nimeyaondoa, na mambo machache yasiyohusu mafunzo nimeyabadilisha ili wahusika wasijulikane. Nimekiandika kwa ajili ya wenzangu wanaotunza seva peke yao, kwenye ofisi ambayo mtu wa kompyuta ni mmoja tu na hana wa kumuuliza.

Hati za namna hii ni mali ya watu wote. Mkusanyiko wa hati na vitabu vya Kiarabu wa Zanzibar uliingizwa mwaka 2003 katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Zilizobaki majumbani hazina rejista wala kabati la chuma. Zimo ndani ya makasha, zinaliwa na mchwa na kuharibiwa na unyevu kila msimu wa masika. Mradi huu haumiliki hata karatasi moja. Familia huleta kasha, hati hupigwa skani, kasha hurudi kwa wenyewe. Ndiyo maana faili likipotea huwezi kusema utapiga skani tena kesho. Kesho kasha liko Pemba, na mwaka ujao huenda mwenye kasha hayupo.

Walikuwa watu watano: mkuu wa mradi, wapigaji skani wawili, bibi mmoja mwenye ujuzi mkubwa wa kusoma hati hizo na kueleza kilichomo, na kijana wa kompyuta aliyetoka chuoni si muda mrefu. Seva ilikuwa kompyuta ndogo ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, yenye diski ya data ya terabaiti 4 iliyofomatiwa kwa ext4, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski. Laptop za Windows ziliifikia kwa Samba, programu ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao. Ndani ya diski mlikuwa na folda tano: `mapokezi`, ambako skani mpya huingia, `asili`, ambako skani zilizokaguliwa huwekwa daima, `kazi`, zenye nakala za kufanyia kazi pamoja na majedwali ya maelezo ya bibi, `vijipicha`, picha ndogo ndogo za kuonyesha kwenye kivinjari, na `logi`, ambako programu huandika kumbukumbu za makosa. Programu ya kutengeneza vijipicha iliendeshwa muda wote, na iliendeshwa kwa mamlaka ya root, mtumiaji mkuu wa seva asiyezuiwa na ruhusa za kawaida. Jambo hili la mwisho litarudi.

Mambo yalivyokwenda

Mwanzoni mwa wiki umeme ulikatika wakati wasia mmoja ukipigwa skani. Faili la ukurasa wa tatu likabaki na jina tu, ukubwa wake baiti 0. Umeme uliporudi, mpigaji skani alirudia ukurasa ule kwa laptop nyingine na kuupa jina lilelile, وصية-03.tif. Alitegemea kompyuta imuulize kama anataka kubadilisha faili la zamani. Haikumuuliza. Yakaonekana mafaili mawili yenye jina moja kwenye folda moja, jambo ambalo haliwezekani, lakini kazi ilikuwa nyingi na wakaliacha.

Programu ya vijipicha ikalikuta faili tupu, ikashindwa kulifungua, ikaandika kosa kwenye logi, ikajaribu tena papo hapo. Haikuwa imewekewa muda wa kusubiri. Mchana na usiku iliandika kosa lilelile, na logi ikavimba hadi karibu terabaiti nzima.

Siku ya Alhamisi laptop zikaanza kulalamika kwamba hakuna nafasi. Kijana akaingia kwenye seva, akaandika `df -h`, amri ya kuonyesha diski imejaa kiasi gani, akaona asilimia 100. Akaitafuta folda kubwa, akaikuta logi, akaifuta kwa `rm`, amri ya kufuta. Hadi hapo alifanya kazi nzuri; mkosaji alimpata mara moja. Lakini alipoandika `df -h` tena, tarakimu ilikuwa ileile. Akahitimisha kwamba logi haikutosha, na kwamba inabidi afute zaidi.

Hitimisho hilo ndilo lililozaa yote yaliyofuata.

Ijumaa, baada ya sala, alianza na vijipicha, kwa kuwa vinaweza kutengenezwa upya. Aliingia kwenye folda akaandika `rm *`, nyota ikiwa na maana ya kila faili lililomo, akajibiwa:

`bash: /usr/bin/rm: Argument list too long`

Akahamia `mapokezi`, ambako kulikuwa na skani mbovu zilizokwisha kurudiwa na kunakiliwa `asili`. Akajaribu `rm *.tif`. Seva ikamjibu:

`rm: invalid option -- 'u'`

Akaacha. Akaenda `kazi`, ambako alikumbuka kuna folda kadhaa za majaribio. Alikusudia kuandika `rm -rf jaribio*`. Aliandika `rm -rf jaribio *`, na nafasi katikati. Amri haikulalamika, kwa sababu `-f` maana yake ni kwamba isilalamike. Alipoona inachelewa kumaliza alishtuka na kubonyeza Ctrl na C. Shell, programu inayopokea amri, hupanga majina kwa alfabeti kabla ya kuyakabidhi kwa `rm`, kwa hiyo folda za familia zenye herufi za mwanzo zilikwenda na za mwisho zikabaki. Katika zilizokwenda lilikuwamo jedwali la maelezo ya bibi.

Nafasi iliyopatikana ikajaa tena ndani ya saa chache.

Ndipo akaigeukia `asili`. Humo mlikuwa na folda iitwayo `majaribio`, kubwa, ya zamani kuliko zote. Akaandika `sudo rm -rf`, yaani kufuta kwa mamlaka ya root, na njia yake. Kila mstari ukarudi na jibu moja: `Operation not permitted`. Akatafuta mtandaoni, akapata amri ya `chattr -R -i` inayosifiwa kwamba inafungua kila kitu. Alikuwa keshaiandika, bado kubonyeza Enter, mkuu wa mradi alipomwambia anipigie simu kwanza. Wakati huo kasha la familia moja lilikuwa mezani, nusu halijapigwa skani, na mwenye kasha ana tiketi ya boti ya Pemba ya kesho yake asubuhi.

Mazungumzo ya simu yalikuwa mafupi.

"Kaka, kuna folda haitoki hata kwa sudo."

"Inasemaje?"

"Inasema hairuhusiwi."

"Nisomee kama ilivyoandikwa, neno kwa neno."

Akasoma. Nikamwomba asiguse kibodi mpaka nifike.

Uamuzi wa kwanza: kasha lisisubiri seva

Nilipofika, kila mtu alikuwa amezunguka skrini ya seva, na kasha limeachwa peke yake. Jambo la kwanza lilikuwa kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungamana. Skana haihitaji seva. Inahitaji mahali pa kuandika. Wapigaji skani wakaunganisha diski ya nje kwenye laptop na kuendelea na kazi yao. Haraka ikaondoka chumbani. Sijui amri ya terminali inayozuia madhara kuliko hiyo, maana karibu kila ufutaji mbaya niliowahi kuusikia ulifanywa na mtu anayesubiriwa na watu wengine.

Uamuzi wa pili: tafuta nani amelishika faili

Kwenye Linux, `rm` haifuti data. Inaondoa jina kwenye folda. Data yenyewe hubaki kwenye diski mpaka jina la mwisho liondoke na kila programu iliyolifungua faili hilo ilifunge. Ni kama kung'oa kibao cha jina mlangoni: mpangaji bado yumo ndani. Programu ya vijipicha ilikuwa bado imeishika logi, na haikushika tu, iliendelea kuiandikia. Ndiyo sababu `df` haikubadilika, na ndiyo sababu kila nafasi iliyopatikana kwa kufuta kitu kingine ililiwa na faili ambalo halina jina na `ls` hailioni tena.

Dalili ya hali hii ni kwamba `df` na `du` hazikubaliani. `du` huhesabu mafaili yenye majina. `df` huuliza diski yenyewe. Tofauti ikiwa kubwa, amri ni hii:

`sudo lsof +L1`

Huorodhesha mafaili yaliyo wazi ambayo hayana jina lolote. Mstari wa kwanza ulikuwa wa programu ya vijipicha, jina la faili likifuatiwa na neno `(deleted)`, na ukubwa wake pembeni.

Ningeweza kuirudishia diski nafasi kwa kuianzisha upya programu. Niliizima kabisa kwa `systemctl stop`, kwa sababu kulikuwa na jedwali la bibi la kuokoa. Kila baiti iliyoandikwa kwenye diski ile ingeweza kuangukia juu ya data ya faili lililofutwa, na programu ile ilikuwa inaandika mfululizo. Tulipoangalia `df`, karibu robo ya diski ilikuwa imerudi. Kijana alikaa kimya akitazama ile tarakimu. Diski haikuwa inahitaji faili lingine lolote lifutwe tangu Alhamisi.

Kuna jambo lilimfadhaisha kijana hapo nyuma, na lina maelezo: laptop ziliambiwa hakuna nafasi, lakini programu iliendelea kuandika. Ext4 kwa kawaida huitengea root asilimia 5 ya diski. Kwa terabaiti 4 ni kama gigabaiti 200. Watumiaji wa kawaida walikuwa wameshafungiwa, lakini programu yenye mamlaka ya root ikaendelea kula akiba ile pia.

Uamuzi wa tatu: `asili` isiguswe

Watu wengi huchanganya majibu mawili ya seva. `Permission denied` husema huna ruhusa. Kwa kufuta, ruhusa inayotazamwa ni ya folda, si ya faili; unaweza kufuta faili usiloweza hata kulisoma, ikiwa folda lilimo ni yako kuandika. Hapo `sudo` husaidia. `Operation not permitted` ni neno jingine. Ukiambiwa hivyo ukiwa root, hakuna mtu mwenye ruhusa zaidi yako aliyebaki. Maana yake kuna kitu kimewekwa makusudi. Mara nyingi ni alama ya `i`, inayolifanya faili lisibadilishwe, lisipewe jina jipya, wala lisifutwe na yeyote mpaka alama iondolewe kwa `chattr -i`.

Tukaiangalia:

`lsattr -d /hifadhi/asili/majaribio`

Herufi `i` ilikuwapo katikati ya vistari. Nikamuuliza mkuu wa mradi nani aliisimika seva. Akampigia fundi wa awali, ambaye siku hizi yuko Dar es Salaam. Fundi akasema alizifunga folda zote zilizokuwamo ndani ya `asili` baada ya mtu kuandika skani mpya juu ya ya zamani kwa bahati mbaya, na kwamba `majaribio` ni skani za kasha la kwanza kabisa. Mradi ulianza kama jaribio. Walipopata fedha, jina la folda likabaki vilevile. Kasha lile lilisharudi kwa wenyewe zamani.

Uamuzi ukawa rahisi, lakini naueleza kwa sababu mwenye kusoma hapa siku moja atakuwa mbele ya jibu hilohilo. Faili linalokataa kufutwa huwa na sababu, na sababu hiyo inajulikana kabla nguvu haijatumika. Limeshikwa na programu na nafasi yake hairudi, au jina lake limekaa vibaya, au folda si yako, au mfumo wa diski umejifunga wenyewe baada ya hitilafu na kuwa wa kusoma tu, au mtu amelilinda. Nne za kwanza zina dawa. Ya tano dawa yake ni simu.

Uamuzi wa nne: kuokoa jedwali

Tulizima Samba, tukaiondoa diski kwa `umount`, na kuinakili nzima kama ilivyo kwenye diski ya kuazima yenye ukubwa wa kutosha, kazi iliyoendelea usiku kucha. Kisha PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, ikaendeshwa juu ya ile nakala, si juu ya diski yenyewe. Ext4 inapofuta faili hufuta pia kumbukumbu ya data ilikokuwa, kwa hiyo majina hayarudi. PhotoRec hutambua mafaili kwa maudhui yake na kuyapa namba.

Asubuhi tulikuwa na madirisha mawili ya terminali, moja la seva na moja la kompyuta yenye nakala. Kabla ya kila amri inayofuta au kuandika tuliandika `hostname` na `pwd`, zinazotaja kompyuta na folda tuliyomo, na kijana alisoma jibu kwa sauti. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu za watu, alikusudia kufuta folda ya data kwenye seva ya pili, akaifuta kwenye seva kuu. Alisimamisha amri haraka, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5, na saa sita za kazi za watumiaji hazikurudi. Alikuwa mtu mwenye uzoefu, amechoka, usiku. Madirisha mawili yanayofanana yanatosha kuleta msiba.

Uamuzi wa tano: mafaili mawili yenye jina moja

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa tatizo hili litawakuta wengi wanaotumia majina ya herufi za Kiarabu, na sijaliona likielezwa kwa Kiswahili.

Tulianza kwa kumwomba seva aonyeshe majina kwa baiti zake badala ya maumbo:

`LC_ALL=C ls -lib /hifadhi/mapokezi`

Yakatoka majina haya, nikiacha safu nyingine na mpangilio wake:

`\331\210\330\265\333\214\330\251-03.tif`

`\331\210\330\265\331\212\330\251-03.tif`

Tazama jozi ya tatu. Jina moja lina `\333\214`, jingine `\331\212`. Laptop moja ilikuwa na kibodi ya Kiarabu, nyingine ya Kifarsi. Ya ya Kiarabu na ya ya Kifarsi ni herufi mbili tofauti kwenye Unicode, orodha ya namba za herufi zinazotumiwa na kompyuta, lakini zikikaa katikati ya neno zote mbili huandikwa kwa umbo moja lenye nukta mbili chini. Kwa jicho ni jina moja. Kwa seva ni majina mawili.

Na faili tupu lilikuwa lile la Kifarsi. Mtu angekaa kwenye kibodi ya Kiarabu na kuandika `rm` pamoja na jina, angefuta ukurasa mzima wa wasia, na tupu lingebaki. Kwa hiyo hatukuandika jina kabisa. Safu ya kwanza ya `ls -i` hutoa namba ya inodi, ambayo kila faili kwenye diski moja linayo yake. Tukaingia kwenye folda na kuuliza kwanza:

`find . -xdev -maxdepth 1 -inum 1311768 -ls`

Likatoka faili moja, baiti 0. Ndipo `-ls` ikabadilishwa kuwa `-delete`. Njia hii inafaa kwa kila jina lisiloandikika: lenye nafasi mwishoni, lenye alama isiyoonekana ya kugeuza mwelekeo wa maandishi, au lenye mstari mpya ndani yake.

Lile jibu la `invalid option -- 'u'` lilikuwa jepesi. Mpigaji skani alikuwa ameyapa mafaili ya kurudiwa jina la `-rudia 012.tif`, kistari kikiwa mwanzo ili yapangwe juu. Shell ilipopanua `*.tif`, `rm` ikalichukua jina lile kuwa ni chaguo: `r` ikaikubali, `u` ikaikataa, ikaacha kazi nzima bila kufuta kitu. Lingekuwapo faili lililoitwa `-rf` tupu na amri ikawa `rm *`, isingekataa. Dawa ni `rm -- *.tif` au `rm ./*.tif`, na ni vizuri kuifanya iwe mazoea hata pasipo kistari.

Uamuzi wa sita: vijipicha

`Argument list too long` haitokani na `rm`. Kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ina kikomo cha urefu wa maneno unayoweza kuikabidhi programu inapoanza. Amri ya `getconf ARG_MAX` kwa kawaida huonyesha 2097152, yaani megabaiti 2. Majina laki kadhaa hayaenei. `find` hufuta moja moja, kwa hiyo hana tatizo hilo:

`find /hifadhi/vijipicha -type f -name '*.jpg' | head`

`find /hifadhi/vijipicha -type f -name '*.jpg' -delete`

Mpangilio ni muhimu mno. `find` husoma masharti kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiiweka `-delete` kabla ya `-name`, itafuta kila kitu kabla haijafika kwenye sharti. Mwishowe vijipicha hatukuvifuta, nafasi ilikuwapo. Lakini kijana aliifanyia mazoezi amri hiyo kwenye folda ya bandia, na nilitaka aijue.

Matokeo

Kasha lilipigwa skani lote na likapanda boti Jumamosi pamoja na mwenyewe. Folda ya `asili` haikupungua hata faili moja. Nakala za `kazi` zilizofutika zilitengenezwa upya kutoka `asili`. Ilichukua muda wa kompyuta, si wa watu.

Jedwali la bibi lilipatikana nusu. PhotoRec ilitoa matoleo kadhaa yasiyo na majina, na jipya kuliko yote lilikuwa la wiki mbili nyuma. Wiki mbili za maelezo zilipotea moja kwa moja. Mkuu wa mradi alikwenda kumweleza bibi mwenyewe, pamoja na kijana. Bibi alimwambia, "Mwanangu, hati zipo? Basi nitasoma." Akazisoma upya kwenye skrini iliyokuzwa maandishi. Kazi yake ilirudi, lakini macho yake hayana nguvu ya kupotezewa, na mimi hilo silihesabu kuwa ni hasara ndogo.

Uchambuzi

Kilichookoa mradi ni alama moja ya `i` iliyowekwa na mtu aliyekwisha ondoka. Hata hivyo aliyeiweka hakuacha maandishi. Kijana aliikuta seva bila daftari, na alipokutana na folda isiyofutika alikuwa na kila sababu ya kudhani ni hitilafu. Kufuli lisilo na maelezo humfundisha anayefuata namna ya kulivunja. Sasa ndani ya `asili` kuna faili `SOMA-KWANZA.txt` linalosema nani ameifunga, kwa nini, na nani aulizwe. Folda ya `majaribio` imepewa jina la namba ya kasha lake.

Tena alama hiyo si bakapu. Ilimzuia mkono wa mtu; isingezuia diski kufa. Katika hifadhi yote ile hapakuwa na nakala ya pili ya kitu chochote, na hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kisa, kubwa kuliko nafasi iliyoingia kabla ya nyota. Diski ya pili imenunuliwa, inakaa kwenye jengo jingine, na majedwali ya maelezo yananakiliwa kila jioni kwa sababu ndiyo yanayobadilika kila siku.

Kuhusu ile nafasi: simlaumu kijana kwa kidole kilichoteleza. Ninachokipinga ni `-rf` kuwa amri ya mdomoni. `-r` ni ya folda, `-f` ni ya kunyamazisha, na hizi ni haja mbili tofauti. Angeandika `rm -rI jaribio *`, herufi I ikiwa kubwa, seva ingemuuliza kama anataka kuondoa vitu arobaini na kitu pamoja na vyote vilivyomo ndani yake, ilhali yeye alikuwa na folda nne akilini. Tarakimu ile ingemwamsha. Kuiandika kwanza `ls -d jaribio *` kungefanya kazi hiyohiyo.

Logi inayoandikiwa haifutwi kwa `rm`. Humwagwa kwa `truncate -s 0`, na jina lake hubaki. Bora zaidi ni kutoiacha ivimbe: logrotate, programu ya kuzungusha na kufuta logi za zamani, imewekwa na kikomo cha ukubwa, programu ya vijipicha inaendeshwa na mtumiaji wake mwenyewe asiye root, na husubiri dakika kadhaa kabla ya kurudia faili lililoshindikana. Akiba ya asilimia 5 tumeiacha kama ilivyo. Ndiyo itakayomwachia fundi pa kusimama siku diski itakapojaa tena.

Bado halijamalizika suala la majina. Wapigaji skani wamekubali kutumia namba za kasha na ukurasa kwenye faili, na jina la hati kwa herufi za Kiarabu liandikwe kwenye jedwali. Bibi hakupenda mwanzoni, kwa sababu alizoea kuzitambua hati kwa majina yake folda inapofunguliwa, na hoja yake ina uzito. Kwa sasa kijana anaandika programu fupi ya kuonyesha majina hayo pembeni ya namba, na mafaili ya zamani yatabadilishwa majina kasha moja baada ya jingine, kila mara bakapu ikiwa imeshachukuliwa.